Haishiki

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na kwa maradhi yote ya simu ana neno moja tu: haishiki. Betri ikiisha, haishiki. Bando likikatika katikati ya maneno, haishiki. Binti yake aliye Maskati akipiga usiku na uso wake ukaganda mdomo wazi, hiyo nayo haishiki. Jumamosi moja aliniita kabla ya adhuhuri. Nilimkuta chumba cha ndani, simu kaipakata kama kuku mgonjwa, na waifai ya nyumba, ambayo wajukuu waliokuwa ukumbini wakiitumia bila taabu, kwake haishiki.

Kuitengeneza kulinichukua hadi adhuhuri ikapita. Fundi yeyote wa simu wa Mwembe Tayari angenicheka, kwani dawa yenyewe ilikuwa ya dakika mbili. Kilichonichelewesha ni lile neno. Nilikuwa nikitafuta ugonjwa mmoja uitwao kutoshika, na ugonjwa huo haupo.

Neno lenyewe si baya. Ni kitenzi kikongwe, kimefanya kazi nyingi pwani hii kabla ya kupewa kazi ya intaneti. Nanga hushika, utambi hushika moto, mtoto wa chuoni hushika alichosomeshwa. Redio za zamani zilishika Kairo na London, na aliyekuwa na mkono mwepesi wa kuzungusha kitufe ndiye aliyeshika vizuri. Nadhani ni huko kwenye redio ndiko neno lilikovukia hadi kwenye simu. Lakini redio husikiliza tu. Stesheni ya Kairo haikujua kwamba Kibokoni pana mtu ametega sikio, wala haikumuuliza jina lake. Waifai haiko hivyo. Simu na rauta husemezana, huyu akiuliza yule akijibu, na mazungumzo hayo yanaweza kuvunjika mahali popote. Neno kushika laiachia simu peke yake kazi yote, na ndiyo sababu mambo yakiharibika twaipiga simu makofi.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo hili hauko mkononi. Uko mlangoni, na jina lake ni hodi.

Rauta hulitangaza jina lake hewani karibu mara kumi kila sekunde, mchana na usiku, kama mnadi asiyechoka. Simu huyakusanya majina ya rauta zote zilizo karibu na kuyapanga kwenye kioo. Hapo bado hakuna aliyeshika chochote. Ni mtu apitaye kichochoroni akisoma majina juu ya milango. Na majina ya Mji wa Kale yanasomeka! Watu wa mtaani wamegundua kwamba jina la waifai ni jina la leso. Leso ya Biashara Street humwambia jirani lile ambalo mdomo hauthubutu. Kwa bibi, nyumba ya ghorofani imeiita waifai yake NUNUA YAKO, na wiki chache baadaye nyumba ya mkabala ikabadilisha yake ikawa NIMESHANUNUA. Istilahi ya vitabuni ni jina la mtandao. Mimi husema jina tu, kama la leso.

Simu ikishachagua mlango, hupiga hodi na kuulizwa neno la siri. Ikilijua hufunguliwa, ila bado ni mgeni asiye na pa kukaa, na lazima iombe anwani. Rauta huipangisha namba kwa muda maalumu, saa kadhaa au siku kadhaa, na muda ukiisha sharti ikodi upya. Wahandisi wenyewe hutumia hapa neno la mkataba wa nyumba, kwa hiyo sijatia chumvi. Ikitokea namba moja imepewa simu mbili, utaona fujo la wapangaji wawili wenye ufunguo mmoja. Na hata baada ya kupewa chumba, huenda nyumba nzima haina maji: rauta ipo, anwani ipo, ila waya utokao nje umekatika. Kioo kitaandika kwamba umeunganishwa na hakuna intaneti, sentensi ambayo humchanganya kila mtu mzima niliyemsomea.

Basi simu yaweza kuwa haioni mlango, au yaona na haifunguliwi, au imefunguliwa na haipati chumba, au ina chumba na maji hayatoki. Dawa ya moja haitibu nyingine. Kusogea karibu hakusaidii aliyekosea neno la siri, na kuandika neno la siri mara kumi hakuleti maji. Kwa bibi yangu yote manne ni haishiki, na Jumamosi ile hata mimi nilikuwa nafikiri kwa neno lake.

Nilianza na la kuona.

"Bibi, tutoke hapa ndani."

"Nde kuna nini?"

"Si nje, Bibi. Ni ukuta huu."

Kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa na zaidi, na dari yake ni ya boriti za mikoko. Zilijengwa ili zizuie joto, na zikaja kuzuia mawimbi ya redio pia, kazi ambayo hakuna mwashi aliyeagizwa. Rauta nyingi za siku hizi hutangaza kwa njia mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 5 hubeba mzigo mkubwa kwa haraka lakini ukuta mnene huishinda, ya 2.4 ni mvumilivu, hupenya polepole. Kipimo hiki tunakiita masafa, neno la Kiarabu lililotufikia likiwa na maana ya umbali. Matokeo yake ni kwamba nikiambiwa masafa ya juu, sikio langu husikia mbali zaidi, na kumbe ni kinyume: kadiri masafa yanavyopanda ndivyo safari inavyofupika. Gigahezi 2.4 maana yake ni wimbi linalojirudia mara bilioni mbili na milioni mia nne kwa sekunde moja. Ningekuwa na kiti katika kamati ya istilahi ningeomba tuite marudio. Najua nimechelewa, masafa yameshaingia mpaka katika vitabu vya fizikia.

Tukahamia dakani. Kwa msomaji wa bara, daka ni kile kipenyo cha mlangoni chenye baraza za mawe huku na huku, ambapo mgeni asiye wa ndani hukomea. Rauta imetundikwa hapo kwa kuwa waya waingia kutoka barabarani. Limenifurahisha siku zote kwamba daka ni mahali na kudaka ni kunyaka kitu kikiwa hewani. Sidai undugu, Kiswahili kina maneno mengi yanayofanana sura bila ya kuchangia babu. Lakini simu ilipofika dakani ilidaka, vijiti vyote vikajaa.

Rauta nayo ina jina la kitabuni: kipanga njia. Limeundwa kwa akili, kwani chombo kile kwa kweli huipangia kila pakiti ya data njia ya kupita. Tabu yake ni kwamba kipanga ni ndege, yule anyakuaye vifaranga, na mara ya kwanza kulisoma nilidhani ni mwewe wa barabarani. Nyumba ya bibi iko hatua chache kutoka Ndia Kuu, mtaa ambao jina lake limehifadhi Kimvita kwenye kibao cha serikali, kwa hiyo kwetu lingekuwa kipanga ndia. Hakuna alisemaye. Wote husema rauta, na bibi husema "lile lenye taa".

Mlango ulionekana, haukufunguka. Nikabonyeza jina la nyumba, na simu, ambayo menyu yake yote ni ya Kiswahili, ikaniletea neno Sahau. Bibi alikuwa akichungulia begani kwangu.

"Isahau nini tena? Mimi nataka ikumbuke."

Alikuwa na haki. Mjukuu mmoja alikuwa amebadilisha neno la siri la rauta juma lile, na simu ya bibi ikaendelea kupiga hodi kwa neno la zamani. Haja ni kulifuta lile la zamani ili simu iulize upya. Mfasiri aliyeandika Sahau alifasiri neno, tendo akaliacha. Kwetu kusahau ni jambo limpatalo mtu, si kazi aifanyayo kwa kidole. Futa lingetosha, au Ondoa, kama zinavyoandika simu nyingine.

Na neno la siri lenyewe lina majina matatu yanayogombania kiti kimoja. Nenosiri linajieleza hata kwa asiyelijua. Nywila lina wapenzi wake, hasa walimu, na lina siri kweli, maana nimeona watu wazima wakiogopa kulitamka mbele za watu. Paswadi ndilo litumikalo dukani. Mimi ni wa nenosiri, lakini nikiwa kwa fundi husema paswadi, nisije nikatozwa bei ya mgeni.

Tukafuta, tukaandika upya. Imeunganishwa. Hii ni tafsiri niipendayo bila masharti. Mganga wa viungo huunga mfupa, mpishi huunga mchuzi kwa tui, na kiungo ni goti, ni bizari ya pilau, na sasa ni lile andiko la rangi ya buluu unalolibonyeza likakupeleka ukurasa mwingine. Hakuna kamati iliyolazimika kutoa jasho. Neno lilikuwa limekaa likingoja.

WhatsApp haikufunguka.

"Haishiki," akasema bibi, kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo.

Tukaizima rauta tukaiwasha, na katika kungoja zile taa zitulie adhuhuri ikaadhiniwa. Tuliporudi dakani baada ya kusali bibi alimimina kahawa, kisha akauliza swali ambalo nimekuwa nalo kichwani tangu siku hiyo: intaneti hii isiyo na waya yaja na upepo?

Neno simu tulilichukua kwa Waajemi. Kwao sim ni waya. Simu ya kwanza kufika Mombasa ilikuwa ya telegrafu, mwaka 1890, waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Unguja, ambayo nayo ilikuwa imeunganishwa na Aden tangu 1879. Aliyesema simu zamani zile alikusudia waya na habari zilizopita ndani yake. Kupeleka simu kulikuwa kupeleka maneno machache kwa bei kubwa. Baadaye sauti ya mtu ikaanza kupita wayani, neno likabaki lilelile. Yalipokuja mawasiliano ya redio yasiyo na waya, wazee hawakuhangaika. Waliita simu ya upepo. Waya wa upepo! Sijakutana na istilahi ya kisasa inayokaribia uzuri wa hiyo.

Badala yake tumepewa mtandao pasiwaya. Pasi ni neno zuri la zamani lenye maana ya bila, lakini katika nyumba ya Kibokoni pasi ni ile ya kunyooshea kanzu, na pasi pasi na waya ipo, ni ya makaa, bibi anayo chini ya kitanda. Ukitazama kwa undani zaidi, simu pasiwaya ni waya usio na waya. Ndiyo maana siwalaumu wanaosema waifai. Wapo wanaodhani waifai ni uvivu, na kwamba Kiingereza kina maana iliyofichika ambayo sisi tumeiacha. Hakina. Jina hilo lilibuniwa na kampuni ya kutunga majina ya biashara mwaka 1999 kwa kuwa lilipendeza sikioni na lilifanana na jina la vyombo vya muziki vya zamani. Halikufupisha chochote. Kwa hiyo sisi na wao tuko sawa, sote twatamka sauti tupu.

Mtandao ni habari nyingine. Limetoka kwa tanda: wingu hutanda, kitanda hutandikwa, buibui hutanda utando wake. Na buibui ni mdudu, na ni vazi jeusi ambalo bibi yangu alilitundika msumarini aliporudi sokoni asubuhi ile. Kama kuna lugha nyingine ambayo mtu anaweza kuvaa mdudu mwenye mtandao akaenda navyo Marikiti, niambiwe.

Nilimjibu bibi kwamba upepo ni kutoka kwenye lile lenye taa hadi kwenye simu yake, hatua tatu. Zaidi ya hapo ni waya. Waya watoka kwenye ukuta, wapita mtaani, waenda hadi baharini, na huko wakutana na kebo zilizolazwa kama ile ya 1890, ila hizi ni za nyuzi za kioo na ndani yake hupita mwanga. Ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, upande uleule wa Ghuba aliko binti yake, na SEACOM ikaja mwaka huohuo. Mei 2024, kebo za SEACOM na EASSy zilipokatika pamoja katika bahari ya kusini, Afrika Mashariki nzima ililalamika kwamba haishiki, na watu kisiwani hapa walizima na kuwasha rauta zao kutwa nzima kwa kosa lililokuwa chini ya maji, maelfu ya kilomita kutoka kwao.

"Basi ni simu," akasema bibi. Nilimwangalia. Alikuwa hajui Kiajemi.

Mtu ambaye angelipenda jibu hilo ni Sheikh Ahmed Nabhany, mwana wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufia hapa mwaka 2017. Huyu hakuamini kwamba lugha yetu ina upungufu. Aliamini kwamba hatujauliza vya kutosha. Alitunga *Sambo ya Kiwandeo*, utenzi uliochapishwa 1979, ili majina ya sehemu za jahazi yasife na mafundi wake. Neno runinga ni lake, na hufasiriwa kuwa rununu, yaani yasikiwayo, limeungwa na maninga, neno la washairi la macho. Rununu hiyohiyo tukaja kuipa simu ya mkononi. Mtaani haikutamba sana. Watu wanasema simu basi, na ile ya kioo wakaiita simu janja, jina ambalo bibi analikubali kwa sababu zake: mjanja ni mtu akulaye pesa ukicheka.

Taa za rauta zilitulia. Wajukuu wakaanza tena kutazama mpira. Simu ya bibi ilikuwa inaona, imefunguliwa, ina chumba, na maji yalikuwa yanatoka kwa kila mtu isipokuwa yeye. Milango yangu minne ilikuwa imekwisha. Nikaitazama simu kwa hasira, na kwenye kona ya kioo saa ilikuwa 6:40.

Saa sita na dakika arobaini. Tumetoka kuswali adhuhuri. Ilikuwa sawa kabisa, na kwa kuwa ilikuwa sawa nilikuwa nimeiona mara ishirini tangu asubuhi bila kushtuka. Saa ya simu haipaswi kuwa sawa. Adhuhuri ikipita simu husema 12:40, na sisi sote tumezoea kuitafsiri kimoyomoyo hata hatujui kwamba twatafsiri.

"Bibi, nani alibadilisha saa?"

"Mimi. Ilikuwa yanidanganya."

Alikuwa ameingia kwenye Mipangilio peke yake, akaizuia saa isijiweke yenyewe, akavirudisha vidude nyuma hadi vikafika kwenye saa ya Kiswahili. Saa sita peke yake pengine ingevumilika. Lakini katika kuzungusha, kidole kiliteleza hadi kwenye tarehe, na simu ikarudi mwaka 2019. Hapo ndipo maji yalipokatika. Kila tovuti na kila programu yenye kutunza siri huonyesha cheti kabla ya kuzungumza, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Simu iliyo mwaka 2019 ikiletewa cheti cha mwaka huu huona ni cha mtu ambaye hajazaliwa, na hukikataa. Cheti alikielewa mara moja. Amepanga foleni za vyeti maisha yake yote.

Nikairudisha saa ijiweke yenyewe. Ikaruka hadi 12:52, na WhatsApp ikafunguka na vikengele ishirini mfululizo. Bibi hakutazama ujumbe. Alitazama kona ya kioo.

"Yaniambia kumi na mbili, magharibi, na jua li utosini."

Sikuwa na jibu. Simu yake imefasiriwa kutoka juu hadi chini: Mipangilio, Nenosiri, hata Hali ya ndegeni, kwa bibi ambaye amepanda ndege mara moja tu, kwenda Hija. Wamekaa wataalamu wakapima kila neno. Saa hawakuigusa. Nimepekua menyu ile yote nikitafuta mahali pa kuiambia simu kwamba siku huanza jua linapozama na kwamba saa moja ya asubuhi ni saa moja, sikupapata. Niliahidi kumnunulia saa ya ukutani. Akasema anayo, na ile haina taabu, yeye ndiye huitia ufunguo.

Saa saba kasoro kidogo simu ikalia. Alikuwa binti wa Maskati, ambako ilikuwa imekaribia saa nane. Sauti ilitangulia, safi, kama aliyekaa baraza ya pili. Picha haikuja. Kioo kilikuwa cheusi na kiduara kikizunguka katikati.

"Nakusikia," akasema bibi. "Sikuoni."

Kwa mara ya kwanza siku ile hakusema haishiki. Akaiegemeza simu kwenye kikombe cha kahawa, akaitengeneza leso yake kichwani, akangoja macho yafike.